Ngazi ya Uzi

Meli ya Fundi Saa haikuwahi kugusa maji, na wala haikutarajiwa kugusa. Ilikaa juu ya meza katika chumba cha nyuma, ndefu kama mkono wa mtu mzima, yenye milingoti mitatu, na mwili wake wote fundi aliuunda kwa vibanzi vya mbao alivyoviloweka kwenye maji ya moto mpaka vikakubali kupinda. Aliianza mwaka ule simu zilipoua biashara ya saa naye akafunga kibanda chake. Watu walimshauri atafute kazi nyingine. Yeye akatafuta mbao.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na mtaa mzima ulimwita Mama Mishono. Chumba cha mbele kilikuwa chake: cherehani dirishani, meza ya kukatia, na lile sanamu la kujaribishia nguo, lisilo na kichwa, ambalo wageni wasiozoea nyumba walilisalimia kwa makosa. Meli aliiita mke mwenzake. Asubuhi alichungulia chumba cha nyuma na kuuliza mke mwenzangu ameamkaje, na alipobakiwa na uzi mzuri alimletea mumewe akisema mpelekee, asije akanisema huko nje kuwa namnyima. Walizeeka hivyo, yeye mbele na mume nyuma, mlango wa katikati uko wazi.

Kisha kiharusi kikaja na kumchukua mkewe upande wa kulia. Ulimi ulirudi baada ya muda, mzito kidogo lakini wenye makali yake yaleyale. Mguu nao ukarudi, ukiburuta. Mkono ndio uliogoma. Ulikaa mapajani kama kitu alichoombwa na jirani amshikie, na Mama Mishono, ambaye tangu usichana hakuwahi kukaa mikono mitupu, akawa anautazama tu.

Daktari wa mazoezi kule zahanati alisema vidole vitaamka vikipewa kazi ndogo ndogo, tena kazi ambayo mwenyewe anaitaka. Alimpa shanga za kutunga. Mama Mishono akazirudisha, akasema yeye si mtoto wa chekechea. Alimpa mpira laini wa kuminya, akaminya siku mbili tatu kwa shingo upande, kisha mpira ukapotea na hakuna aliyeulizwa. Usiku alimgeukia mumewe akamwambia bila kulia kwamba kama mkono huu haushoni tena, basi yeye haoni anachongoja.

Maneno hayo yalimkata maini Fundi Saa. Kwa hiyo siku mkewe alipojikokota hadi chumba cha nyuma, akavuta kiti, akaitazama meli kwa muda mrefu na kusema, "Hizi ngazi, mimi nitazifunga," alikaribia kumbusu hadi miguu.

Ngazi alizozisema ni zile za kamba, zinazopanda kutoka ubavuni mwa meli hadi juu ya mlingoti, ambazo mabaharia huzikwea kwenda kukunja matanga. Katika meli ndogo kama ile ni uzi mtupu. Nyuzi kadhaa husimama wima, na kila kidato hulazwa juu yake na kufungwa fundo kwa kila uzi kinapokatiza, fundo dogo kuliko punje ya mtama. Ni kazi ya kibano, lenzi na subira, na watu wengi wenye mikono mizima huiacha hapo hapo.

Siku ya kwanza Mama Mishono alifunga vidato viwili na jasho likamtoka. Kimoja kililala kama mlevi. Kingine kililegea katikati kikaning'inia. Fundi Saa alivipaka tone la gundi ya maji, akasema ni vizuri, akamwambia apumzike. Kesho yake mdogo wa mkewe, mama mwenye vicheko ambaye hakujua kusema kwa sauti ya chini, akaja kumchukua dada yake kumpeleka mazoezini, na Fundi Saa akabaki peke yake na vile vidato.

Sasa, huyu bwana alikuwa na ugonjwa wake. Miaka yote ya kufungua saa ilimfundisha kwamba jino moja likikaa upande, saa nzima imeharibika. Macho yake hayakujua kusamehe. Alijaribu kufanya kazi upande wa pili wa meli, lakini vidato vile vilimwita. Akajiambia atakinyoosha kile kimoja tu. Akakikata, akakifunga upya. Cha pili kikaonekana kibaya zaidi kuliko mwanzo. Akakikata nacho.

Mkewe aliporudi hata mtandio hakuvua. Alienda moja kwa moja kwenye meza, akashika lenzi kwa mkono wa kushoto, akainama. Alipoinua uso, Fundi Saa alimwona mkewe wa zamani, yule wa kabla ya kitanda na dawa.

"Jana vilikuwa vimepinda," alisema.

"Gundi ikikauka uzi hujivuta," akajibu mumewe. "Hujinyoosha wenyewe."

Uongo ule ulikuwa na mguu wa kusimamia, maana mtu wa nguo anajua kwamba uzi wa pamba ukilowa husinyaa. Mama Mishono akaitikia kwa kichwa, akaukunjua mkono wake wa kulia polepole, akautazama kwa namna ambayo hakuutazama tangu augue. Ungekuwa wewe, ungemwambia ukweli? Fundi Saa hakuthubutu. Na akishakosa kuusema siku ya kwanza, mtu huwa hana tena siku nzuri ya kuusema.

Basi ikawa ndio mtindo. Mkewe alifunga, yeye akapaka gundi na kusifu, shemeji akaja na vicheko vyake kumpeleka dada mazoezini, na mlango ukifungwa tu yeye anachukua kisu. Mwanzoni alikuwa akikagua kwa lenzi, hiki kibaya, hiki kibaya zaidi. Baadaye akaona kukagua kunamchelewesha, tena mkono wake na wa mkewe ikichanganyika ngazi itaonekana ina viraka. Akawa anavua vyote kwa mkupuo mmoja na kuanza upya, mradi shemeji asirudi kabla hajamaliza. Ngazi zikapanda mlingoti wa kwanza, zikapanda wa pili, zimenyooka kama zimepigwa rula. Shemeji aliwaambia majirani kwamba dada yake amefufuka.

Nyumba ilichangamka. Mama Mishono akaanza tena kumtania mumewe, kwamba mke mwenza sasa anavishwa na mkubwa wake. Alijikaza kula kwa mkono wa kulia, na kijiko kilipomponyoka alicheka. Fundi Saa naye alicheka, akiinama kuokota chakula kile sakafuni.

Mkosi ulikuja ukiwa umevaa nguo za sherehe. Binti wa shemeji alikuwa anaolewa, na tangu akiwa mdogo aliahidiwa kwamba gauni lake litashonwa na mama mkubwa. Baada ya kiharusi hakuna aliyelitaja tena jambo hilo, kwa heshima. Mama Mishono mwenyewe ndiye aliyelifufua. Akasema kitambaa kiletwe.

Shemeji alifurahi mpaka akakaa chini. Bibi harusi mtarajiwa akamkumbatia mama yake mkubwa shingoni. Fundi Saa ndiye pekee aliyesimama mlangoni akiwa amekauka. Walipoondoka alijaribu. Akasema si vibaya kungoja kidogo, akasema gauni ni jambo zito, akasema labda aanze na mto au pazia.

"Mkono ulioweza ngazi zile utashindwa na kitambaa?" mkewe akamuuliza, na akamwangalia akingoja jibu.

Hapo ndipo penyewe. Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi na alichotakiwa ni kupita. Fundi Saa akasema, "Hautashindwa," akarudi chumbani kwake akakaa mbele ya meli.

Mama Mishono alitoa kifuniko cha cherehani, akaipangusa vumbi, akaitia mafuta. Alikata kitambaa peke yake, mlango wa katikati umefungwa kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, kwa sababu alitaka watu waone gauni likiwa tayari. Fundi Saa alisikia mkasi ukienda na kusimama. Alisikia cherehani ikikimbia kidogo, ikinyamaza, ikikimbia tena. Alijipa moyo kwamba huenda mazoezi yamesaidia, kwamba mtu huweza kupona bila kuonekana anapona. Aliomba iwe hivyo kwa dhati ya moyo wake.

Siku ya kujaribisha alikuja binti na mama yake. Gauni lilipopita kichwani kila mtu aliona, na kila mtu akajifanya anatafuta pini. Bega moja lilikuwa juu ya jingine. Mshono wa kifuani ulikwenda vizuri ukafika mahali ukapotea njia, ukarudi, ukajipanda wenyewe. Upande wa kiuno mkasi ulikuwa umekula kitambaa ndani sana na hapakuwa na cha kuongezea. Binti alisimama mbele ya kioo amekaza midomo, akasema, "Ni zuri, mama mkubwa. Ahsante." Kisha akaomba kwenda msalani, na nyumba ile ilikuwa na kuta nyembamba. Walimsikia wote.

Yule shemeji wa vicheko aliongea kwa sauti ya chini kwa mara ya kwanza, akasema dada asijali, kuna mahali wanapoazimisha magauni, mambo madogo haya. Alilikunja gauni kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba uangalifu ungelisaidia, wakaondoka.

Jioni nzima mkewe alikaa karibu na lile sanamu. Asubuhi, kabla ya chai, Fundi Saa alimkuta chumba cha nyuma, amewasha taa, ameshika uzi.

"Kaa hapo," akamwambia. "Nataka kufunga kidato kimoja. Halafu utie gundi, na tukae wote tuingoje ikauke."

Fundi Saa alikaa. Angekimbia kama angekuwa na pa kukimbilia. Mkewe alifunga kwenye mlingoti wa mwisho, polepole, ncha ya ulimi imetoka kidogo, kibano kikimponyoka naye akikitafuta tena. Alipomaliza, mumewe akadondosha tone la gundi. Wakakaa. Nje mtu alikuwa anafagia. Gundi ikawa nyeupe, kisha ikapotea ndani ya uzi, na kidato kikabaki pale pale kilipokuwa, kimoja kimepinda kati ya vingi vilivyonyooka.

"Haukujivuta," alisema Mama Mishono.

"Haukujivuta."

"Kumbe ulikuwa unanivika kilemba cha ukoka."

Akamwambia yote. Hakujitetea sana. Alisema alivyouona uso wake ile siku ya kwanza, na kwamba aliogopa yale maneno aliyoyasema usiku, kwamba haoni anachongoja. Mkewe alisikiliza bila kukatiza. Kisha akasogeza taa karibu na meli.

"Nionyeshe langu," akasema. "Fundo langu, moja tu ulilolibakiza."

Fundi Saa alichukua lenzi. Alianza mlingoti wa kwanza, chini, akapanda. Alijua hakuna, lakini alitafuta kama mtu anayetafuta funguo mfukoni baada ya kuwa ameshageuza mfuko. Alipanda upande wa kulia, akashuka wa kushoto. Kila fundo lilikuwa lake, na kila moja lilikuwa zuri.

"Hakuna," akasema.

"Yote yalikuwa mabaya? Mpaka yale ya juzi?"

Hili ndilo lililommaliza. Angeweza kusema ndiyo, na angeweza kusema hapana, na yote mawili yangekuwa uongo mwingine.

"Sijui, mama. Sikuyaangalia. Nilikuwa navua vyote."

Mama Mishono alipojibu, hakuwa na hasira hata kidogo, na Fundi Saa angetoa chochote amsikie amekasirika.

"Basi hakuna anayejua kama nilikuwa napona," alisema. "Mimi sijui, na wewe hujui."

Fundi Saa alimwambia waanze upya. Alimwambia atavua ngazi zote, meli nzima, ibaki milingoti mitupu, na mkewe afunge hata kama itachukua miaka, yeye hatagusa hata kimoja. Alisema mengi, yakimtoka ovyo. Mkewe akamwekea mkono wa kushoto begani kumtuliza, kama kwamba yeye ndiye mgonjwa.

Kisha akaokota mkasi mdogo kwa mkono uleule wa kushoto, akainama, akakata kidato alichokifunga asubuhi hiyo. Uzi ulikuwa mwembamba, haukutoa hata sauti.

"Kilikuwa kinaharibu ngazi yako," akasema. "Funga kingine."

Fundi Saa alimsihi asimfanyie hivyo. Mkewe hakubishana. Alikaa tu akingoja, mkono wa kulia umerudi mapajani, macho yake kwenye lile pengo, na ilionekana wazi kwamba hatainuka mpaka lizibwe. Hatimaye mumewe akachukua uzi na kibano. Machozi yalimziba macho, hakuona anachofunga. Lakini vidole vyake havikuhitaji macho, na kidato kilitoka kimenyooka sawasawa na vingine vyote.