Maboksi ya Rafu ya Juu

Mama Viatu hakuwa mtu wa kukubali kuonekana amefilisika. Biashara ilipodorora, watu wakawa wanapita nje wakiangalia simu zao tu, alipanga maboksi matupu kwenye rafu mpaka darini, picha za viatu zikitazama barabarani. Mumewe alimcheka. Yeye akamjibu kwamba mteja haingii kwenye duka linalokata roho.

Asubuhi hiyo afisa wa kodi alisimama mlangoni, akainua macho kwenye rafu, akatabasamu. Tabasamu lenyewe lilimkera Mama Viatu kabla hata ya salamu. Ndani alikuwamo mteja mmoja, dada mmoja aliyevaa kiatu kipya mguu mmoja, akijigeuzageuza mbele ya kioo.

"Hongera, mama. Wenzako wote wanalia, wewe umejaza mzigo. Mwaka huu tutakukadiria mara mbili."

"Mara mbili kwa mauzo gani, mwanangu? Si unaiona barabara ilivyo?"

"Ndiyo maana. Watu hawanunui, makusanyo yameshuka, na wakubwa wanataka kiasi kilekile. Tutakitoa wapi kama si kwa wenye mzigo?"

Damu ilimchemka. Yaani wenzake wafunge maduka, halafu yeye aliyebaki awalipie! Kodi hiyo ingemfungisha duka kabla ya mwaka kwisha. Na ushahidi wa kujitetea ulikuwa kule juu, akiutoa lazima mteja wake pekee auone. Alimtazama yule dada. Akamtazama afisa, aliyekuwa anazihesabu rafu kwa kidole huku akipiga mluzi.

Ule mluzi ndio uliommaliza. Alinyakua ufagio, akapangua rafu ya juu. Maboksi yakaporomoka, vifuniko vikaruka, ndani hamna kitu. Akahamia ya pili, kisha ya tatu.

"Mzigo wenyewe huo," alisema. "Zoa uwapelekee wakubwa zako."

Afisa alijipangusa vumbi begani. "Ungesema tu, mama. Basi, itabaki ileile ya mwaka jana."

Yule dada alivua kiatu polepole, akakiweka juu ya meza. "Kizuri, mama. Ngoja nizunguke kidogo, nitarudi." Akatoka akiruka maboksi, wala hakugeuka nyuma.

Mama Viatu alikichukua kile kiatu, akamsukumia afisa kifuani.

"Na hiki kiandike," alisema. "Ulipoingia kilikuwa kinauzika."