Mkeka wa Bafuni

Mama yangu ana ubishi wa kuzaliwa nao, nami nimeurithi wote bila kubakisha. Ndiyo maana ndugu yangu Wakoli aliposema kwamba Mama akianguka hata mara moja atampeleka Bungoma, mimi na Mama tulimcheka. Mama ameishi nyumba ileile hapa mtaa wa Tena miaka thelathini na miwili. Bungoma kuna shamba na makaburi, husema, na yeye kulima hawezi tena.

Ndinda, mhudumu wa afya wa mtaa, huja kila mwezi kumpima presha. Ndiye aliyeniita pembeni.

"Dada, presha iko sawa. Shida ni bafu. Ile sakafu ikilowa inateleza vibaya. Mnunulie mkeka wa mpira."

Nikanunua mzuri, wa kijani, wenye maua. Nilimkabidhi Mama mlangoni kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kurudi kazini, nikajiona binti wa maana.

Jumamosi tatu nilikuja kumwona. Kila mara alinipa chai kwa kikombe changu cha bati, kilichobanduka rangi mdomoni, ninachokunywea tangu darasa la kwanza. Vikombe vya maua vilivyo kabatini ni vya wageni. Mtoto wa nyumba akivigusa atakiona cha mtema kuni. Nilikunywa, nikaangalia simu, nikasifu nyumba inavyopendeza, nikaenda zangu.

Alhamisi Ndinda akanipigia. Mama alikuwa ameanguka bafuni.

Nilimkuta ameshatoka kliniki, ameketi sebuleni, mkono umefungwa bendeji, jicho limevimba. Alikuwa amelala kwenye maji tangu asubuhi hadi Ndinda alipobisha hodi saa sita. Nilikwenda moja kwa moja bafuni. Sakafu ilikuwa tupu. Nikarudi sebuleni.

"Mama, mkeka uko wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Ulikuwa pale sebuleni chini ya meza, umepanguswa ukang'aa, nami nilikuwa nimeukanyaga.

"Kitu kizuri hivyo nikiweke bafuni?" akasema. "Watu wa jumuiya wakija kuomba hapa wakanyage saruji?"

Nikafoka. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mzazi wake. Kisha hasira ikanigeukia mwenyewe, kwa maana Jumamosi tatu nilikuwa nimeukanyaga mkeka ule kwa viatu vyangu, na bafuni sikuwahi kuchungulia hata siku moja. Niliona aibu.

Simu ikalia. Alikuwa Wakoli. Mama akanishika kwa mkono wake mzima.

"Nasambu, usimwambie. Nakuomba, mwanangu."

Mama yangu hajawahi kuniomba kitu.

"Mama yuko aje?" Wakoli akauliza.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini niliangalia lile jicho, nikazihesabu zile saa alizolala pale akiita bila mtu kumsikia, na woga ukanishinda.

"Ameanguka," nikasema.

"Jumapili nakuja na gari."

"Wakoli, ngoja kwanza. Tutamwita fundi aweke vyuma vya kushikilia, nami nitakuwa nakuja kila..."

Alikuwa amekata.

Mama hakunigombeza. Nilibeba mkeka, nikautandika bafuni na kuukandamiza kila pembe. Ilinichukua dakika mbili. Niliporudi, yeye alikuwa jikoni, amejiegemeza ukutani, maji yanachemka.

"Mama, kaa. Nitapika mimi."

 Alikuja polepole na chai kwa mkono mmoja, akaiweka mbele yangu. Alikuwa ameimimina katika kikombe cha maua, juu ya kisahani chake.

"Karibu," akaniambia.