Ruhusa ya Kuoa

Fundi cherehani alikuwa anaongeza kiuno cha suruali ya Brigedia mstaafu wakati kijana aliyemchumbia zamani alipoingia dukani, amelowa chapachapa, ingawa nje jua lilikuwa kali na mvua watu walikuwa wameanza kuisahau. Umri wake ulikuwa uleule wa ishirini na kitu. Gwanda lake lilikuwa la kola pana, la aina ambayo jeshi liliacha kuvaa siku nyingi. Akasimama kwenye pazia, akauliza kama Sindano yupo.

"Ni mimi," fundi akasema.

Jina hilo alipewa ujanani kwa wembamba wake, na lilimng'ang'ania hata mwili ulipoamua vingine. Kijana akamtazama toka viatu hadi miwani, akasema amependeza, kisha akaomba radhi kwa kuchelewa. Fundi akamwambia asiketi juu ya vitambaa vya wateja.

Mumewe, mwashi aliyekwisha kuacha kazi, alikuwa kwenye benchi la nyuma na redio yake. Kijana akampa shikamoo. Mwashi akafikiri kidogo, maana wawili hao walizaliwa mwaka mmoja, kisha akaitikia marahaba na kwenda kuleta kitambaa cha kufutia sakafu. Mteja aliyefuata gauni lake aliiruka miguu ya kijana, akalijaribu gauni, akasema linabana kwapani.

Katika miaka yote ya ndoa, fundi hakuwahi kumficha mumewe habari za askari huyo. Mwashi alizijua kama mtu anavyozijua kona za nyumba yake gizani: walivyokutana kituo cha basi, mwavuli alioshikiwa siku ya mvua, wimbo alioimbiwa karibu na lango la kambi, na jinsi kijana alivyopotea bila kuaga. Mama yake kijana alipokwenda kambini kuuliza, aliambiwa mwanawe ametoroka jeshini. Wenye midomo wakambatiza Mama Mtoro, na jina hilo likamfikisha kaburini. Sindano naye akaambiwa aliyetoroka jeshi hashindwi kumtoroka mwanamke. Aliamini nusu. Nusu nyingine hakujua aiweke wapi.

Kijana alirudi kesho yake, na keshokutwa, kila mara mchana. Alichumbia kwa haya, macho kwenye cherehani. Alimsifu mikono. Aliuliza kama wazazi wake hawajambo. Fundi akamwambia walishafariki, kijana akatoa pole, na siku iliyofuata akauliza tena. Kilichomchanganya fundi hakikuwa maji wala ujana ule usiokwisha. Ni kwamba kijana alikuwa mfupi. Yeye alimkumbuka mrefu, mtu wa kuinama akitaka kumnong'oneza. Na alipomkumbusha mwavuli, kijana alimshangaa. Askari habebi mwavuli, akasema.

"Mwavuli ulikuwa wangu," mwashi akasema kutoka kwenye benchi.

Fundi akamgeukia. "Na wimbo?"

"Na wimbo."

"Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri. Ningekukatiza vipi?"

Fundi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Sasa hakujua ni yupi aliyemlilia. Huenda alimpenda askari kwa mambo ya mwashi, huenda aliolewa na mwashi kwa ajili ya mambo ya askari. Alijaribu kuyatenganisha kama anayefumua mshono, lakini uzi ulikuwa rangi moja mwanzo hadi mwisho. Ikabaki kuuliza lile moja: kijana alikwenda wapi?

Kijana akaeleza kama anayetoa taarifa. Alikwenda kwa afande wake kuomba ruhusa ya kuoa, kama kanuni zinavyotaka. Afande, wakati huo luteni, alikuwa kando ya mto, mto umefurika, na upepo ulikuwa umemvua kofia na kuitupa majini. Akamwambia alete kofia, apewe ruhusa. Kijana akasema hajui kuogelea. Afande akajibu kwamba hakumwuliza. Kofia ilikuwa imekwenda mbali kidogo, ndiyo maana amechelewa.

"Umeipata?" mwashi akauliza.

Kijana akafungua kifungo cha gwanda, akaitoa. Ilikuwa na tope pembeni tu. Akamtaja afande kwa jina, akauliza kama kuna anayejua anakopatikana. Mwashi akamwambia luteni huyo alipanda hadi brigedia, akastaafu, na suruali yake ndiyo ile juu ya meza. Kijana akasema atamsubiri.

Brigedia alifika Ijumaa. Kijana akasimama wima.

"Kofia nimeileta, afande."

Brigedia akaipokea, akaikagua kwa ndani, akaijaribu. Ilimbana.

"Umekawia," akasema.

"Ndiyo, afande."

"Haya. Ruhusa imetolewa."

Kijana akapiga saluti, maji yakaruka hadi ukutani.

Fundi akaweka mkasi chini. Alimweleza Brigedia habari za Mama Mtoro, akamwomba aende akaseme kambini, na mtaani pia, kwamba kijana hakutoroka. Brigedia alimsikiliza hadi mwisho, kwani alikuwa mtu wa adabu. Aliongoza kamati ya usalama ya mtaa, na watu walimpisha kwenye foleni.

"Mama, jioni ile kwenye gwaride hakuwepo," akasema. "Asiyekuwepo kwenye gwaride ni mtoro."

"Alikuwa amekufa."

"Hilo hakuliombea ruhusa."

Akauliza kama kofia inaweza kuongezwa kidogo. Fundi akasema kofia hashoni. Brigedia akachukua suruali yake, akashukuru, akaenda.

Jumatatu walikuja polisi wawili wa jeshi, vijana wapole, wakasema wamepata habari za mtoro wa zamani. Walisalimia wote, wakamngoja kijana amalize chai. Pingu zilikuwa zinateleza kwa maji, wakamwomba azishikilie mwenyewe. Fundi akawaeleza kisa chote; mkubwa wao akasema anamwelewa kabisa, lakini wao wametumwa kukamata tu.

Mlangoni kijana akageuka. "Sindano, ruhusa ninayo. Hujanijibu."

Fundi akamtazama yeye, akamtazama mumewe. Mwashi akazima redio.

"Mjibu, mke wangu. Mtu asiende na swali."

"Nilikubali," fundi akasema. Hakuwa na hakika anamwambia nani, lakini wote wawili waliitikia kwa vichwa kama walioridhika.

Jioni mtaa mzima ulikuwa unasema yule mtoro hatimaye kanaswa, na kamati ya usalama ikampongeza Brigedia. Fundi akafunga duka, akaketi kwenye benchi la mumewe, akamwomba amsimulie jinsi alivyochumbiwa, taratibu, na kila mara amtajie ni nani aliyekuwa anasema. Mwashi akaanza na kituo cha basi. Akafika katikati, akakiri kwamba hapo hata yeye hana hakika.