Maziwa Yaliyojitenga

Mtoto walimpa jina la utani Mheshimiwa, kwa sababu nyumba nzima hakuna aliyethubutu kula kabla yeye hajala wala kulala kabla yeye hajalala. Mama yake alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya sare za shule, na tangu likizo ya uzazi iishe alikuwa na mabosi wawili: msimamizi mchana, Mheshimiwa usiku. Wa mchana angalau alikuwa anakwenda kula.

Mambo alikuwa ameyapanga, au ndivyo alivyodhani. Muuguzi wa kliniki alimfundisha kukamua maziwa kwa mkono, akamweleza kwamba mama anayekamua anaweza kurudi kazini na mtoto akabaki na chakula chake kilekile, matiti yasivimbe, maziwa yasikauke. Basi kila alfajiri alikamua, akatia kwenye chupa safi, akaisukuma nyuma kabisa ya friji, mbali na vitunguu. Adhuhuri alijifungia stoo ya vitambaa kule kazini, akaketi juu ya jora la kaki na kukamua tena maziwa ya kurudi nayo nyumbani, huku msimamizi akigonga mlango kana kwamba ndani kuna mtu anaiba vifungo.

"Bado tu?"

"Bado!"

"Kola zinakungoja huku!"

"Zikianza kulia niite!"

Taabu yote hiyo, na bado mambo yalikwenda kombo. Kila jioni alikuta chupa tupu, zimeoshwa, zimepangwa kwenye rafu. Na kila jioni Mheshimiwa alimrukia kama mtu aliyetoka kifungoni, akanyonya, akalia, akanyonya tena mpaka kukakucha. Kwenye mizani ya kliniki hakuwa ameongezeka hata kidogo.

"Kamaliza yote," mama mkwe alisema kila alipoulizwa, macho kwenye sinki. Alikuja kumlea mjukuu, na kulea alilea kwelikweli, ila wimbo wake ulikuwa mmoja. "Mwanangu, acha kazi. Mtoto anataka mama, hataki chupa."

"Nitafikiria, mama," mkamwana alijibu, maana kumkatalia mama mkwe ana kwa ana ni ufundi ambao hakuwahi kusomea.

Mumewe, fundi bomba, naye hakukosa lake. "Labda maziwa yako hayatoshi," alisema akiwa amejilaza chali, kwa sauti ileile aliyoitumia kuzungumzia matangi ya watu. Mkewe aliona heri ageukie ukutani kabla hajamjibu la kumjibu. Lakini neno lilimkaa rohoni. Huenda kweli hayatoshi. Huenda yeye ndiye anayemshindisha mwanawe njaa kwa ajili ya kola na vifungo. Na kazi ile aliipenda; aliipenda cherehani yake, ile ya karibu na dirisha, iliyokuwa ikiwagomea wenzake wote na kumtii yeye. Akapiga moyo konde: wiki ikiisha, anaacha kazi.

Kesho yake umeme ukakatika karakanani. Cherehani zikanyamaza zote, na msimamizi akawaruhusu kwa shingo upande. Mama alifika nyumbani jua bado kali, akasikia kilio tangu nje. Jikoni alimkuta mama mkwe kamfunga Mheshimiwa mgongoni, mtoto anapiga kelele, na chupa ya alfajiri ile imeinamishwa kwenye sinki. Maziwa yanashuka.

"Mama! Unamwaga nini?"

Mama mkwe alishtuka, chupa ikagonga bomba. Ilikuwa imebaki nusu.

"Usikasirike, mwanangu."

"Sijakasirika!" alifoka, na hasira zilikuwa zimempanda mpaka utosini. Kila tone lile alilikamua macho yakifumba kwa usingizi. Alitaka kulia, alitaka kupiga kitu, na cha kupiga kilikuwa ni sufuria tu.

"Yanaharibika," mama mkwe alisema polepole, akainua chupa. "Kila siku yanaharibika. Ona." Juu palikuwa na utando mzito wa manjano, chini majimaji kama yaliyooshewa mchele. "Maziwa yakijitenga hivi si yamekwisha? Ningempaje mtoto? Nampa maji ya sukari, akilia nambembeleza. Na wewe nilikuonea haya. Mwanamke utamwambiaje kwamba maziwa yake yanaoza? Nikaona afadhali uache kazi anyonye mwenyewe, wala usijue."

Maji ya sukari! Mkamwana alimpokonya chupa. Hasira bado ilikuwepo, ila sasa haikuwa na pa kutua.

"Hayajaharibika, mama. Mafuta yake ndiyo yamepanda juu. Lete maji moto kwenye bakuli."

"Niyachemshe?"

"Hayachemshwi."

"Maziwa hayachemshwi?"

"Haya hayachemshwi, mama, nakuomba!"

Akaisimamisha chupa ndani ya maji moto, kisha akaizungusha taratibu, mpaka ule utando ukayeyuka na maziwa yakawa maziwa. Mama mkwe alichovya kijiko, akaonja. Akaonja tena.

"Matamu."

Ni yeye aliyemnywesha, kwa kikombe kidogo, funda kwa funda. Mheshimiwa alimaliza, akacheua, akalala mikononi mwake na midomo imelowa.

"Kumbe yanawekwa," mama mkwe alisema. "Mimi nilikuwa nauza tiketi stesheni. Dirisha la kwanza, wote walinijua. Alipozaliwa huyu mumeo wakaniambia nichague, mtoto au kazi."

"Hukurudi tena?"

"Dirisha walimpa mtu mwingine."

Akaenda kuosha chupa, na aliendelea kuiosha ilipokwisha kutakata.

Asubuhi fundi bomba alichungulia jikoni, akaona chupa mbili zimejaa. "Kwani siku hizi yanatosha?" aliuliza. Wanawake wawili walimgeukia kwa pamoja, naye, bila kuambiwa na mtu, akabandika maji jikoni.

Mkewe alikuwa bado anamnusa mtoto shingoni, ameshindwa kuinuka. Mama mkwe akamchukua Mheshimiwa, akamtundikia mkamwana mkoba begani, akamsukumia mlangoni.

"Toka, utachelewa," alisema. "Cherehani yako watampa mtu."