Memory ya Bridget

Ingekuwa sufuria wanaenda kununua, Aoko hangekuwa na wasiwasi. Kina mama wa chama cha Tushikane wanazijua sufuria. Wanajua pia magodoro, blanketi na jiko la gesi, kwa sababu ndivyo walivyonunuliana tangu waanze. Zamu yako ikifika hupewi pesa mkononi. Unapelekwa dukani na viongozi, mnachagua, kisha kitu kinaletwa kwako kwa nyimbo. Kikishaletwa hakirudi. Mwanamke wa kurudisha zawadi ya chama alikuwa hajazaliwa, na kama alizaliwa, basi hakuwa Thika.

Lakini zamu hii Aoko alikuwa ameomba laptop ya kuchezea gemu.

"Gemu?" Mama Gichuru, mwenyekiti, aliuliza siku ya mkutano. "Msichana mkubwa hivyo? Ngai!"

Aoko alieleza mpaka koo likamkauka. Binti yake Bridget alikuwa akicheza gemu za mpira kwenye cyber ya mtaani, na timu moja ya Nairobi ilikuwa imemwona. Ilitaka kumwajiri. Jumamosi angejaribiwa akiwa hapo hapo nyumbani Kamenu, acheze huku mashine ikiurusha mchezo mtandaoni ili wautazame. Mashine ikikwama katikati, nafasi inakwenda kwa mwingine. "Ni kazi, Mama Gichuru," alisihi. "Atatoka huko kwa kiwanda cha biskuti." Wakakubali, wengine shingo upande.

Asubuhi ya kununua, kabla ya kwenda zamu kiwandani, Bridget alimshika mama yake mabega yote mawili.

"Mathe, kitu ni moja tu. Memory iwe sixteen. Eight itanikwamisha. Thirty-two ni raha, hatuihitaji. Sixteen. Sema."

"Sixteen."

"Tena."

"Sixteen! Kwani mimi ni mtoto?"

Akaenda nayo hiyo sixteen hadi Ruiru, akiitamka kimoyomoyo kama mtu aliyetumwa dukani na mama mkali. Walikuwa watatu: yeye, Mama Gichuru, na Ndanu mweka hazina, ambaye ndiye aliyekuwa anamjua Uthman mwenye duka la kompyuta. Uthman aliwawekea laptop mbili juu ya kaunta.

"Hii ni eight kwa five-twelve," alisema. "Hii ingine ni sixteen kwa two fifty-six. Bei ni moja."

Aoko aliposikia sixteen moyo ulimtulia. Utulivu haukudumu.

Mama Gichuru alivaa miwani. Huyu ni mama anayeheshimika mpaka kwa makonda, na anapoita laptop "raptop" hakuna anayethubutu kucheka. Kwake memory ni ile kadi ndogo iliyo kwenye redio yake, inayobeba nyimbo zote za kanisa. "Sasa kijana, kati ya hizi raptop mbili, ni gani inaweka vitu mingi?"

"Kuweka? Hii ya five-twelve," Uthman akajibu, na hakusema uongo. Kisha mteja mwingine akamwita, akasogea.

"Tumemaliza," Mama Gichuru akasema. "Hata mtoto wa nasari anajua gani kubwa."

"Lakini Bridget alisema sixteen." Sauti ya Aoko ilitoka ndogo kiasi kwamba Ndanu tu ndiye aliyeisikia.

"Si alimaanisha isiwe chini ya hapo?" Ndanu akamwambia kwa upole. "Sasa anapata five-twelve. Huyo atakuja kutushukuru hadi tuchoke."

Aoko akaduwaa. Labda ni kweli. Labda kubwa humeza ndogo. Alijaribu kumpigia Bridget ingawa alijua simu za wafanyakazi huachwa langoni, na yule mwanamke wa kwenye simu akamwambia kwa Kiswahili kizuri kwamba mteja hapatikani. Angeweza kumwita Uthman amuulize. Angeweza. Ila tayari alikuwa ameomba kitu ambacho chama hakijawahi kununua, na aliona jinsi Mama Gichuru alivyokuwa akivua miwani. Mchagua jembe si mkulima, angeambiwa, na watu wakasikia. Akanyamaza.

"Mkikuta kuna shida, leteni," Uthman alisema akiwafungia. "Lakini seal ikikatwa, hiyo ni yenu."

Seal ilikuwa utepe mwekundu, mwembamba, juu ya mdomo wa sanduku. Tangu hapo Aoko hakuona kitu kingine.

Walipofika Kamenu wenzao walikuwa wamejaa chumbani, na chai imeiva. Vigelegele vya ngemi vilipigwa mpaka majirani wakatoka. Bridget, aliyekuwa ametoka kazini, alilipokea sanduku kwa mikono miwili akicheza. Kisha akaligeuza ubavuni kulikobandikwa maandishi, akasoma.

Aoko alikuwa anamtazama. Tabasamu la msichana lilibaki mdomoni lakini machoni liliondoka. Alisoma mara ya pili. Halafu akainua uso, akaanza kuwakumbatia kina mama mmoja mmoja, "Asante aunty, asante sana," kwa sauti ya juu kupita kiasi. Alipomfikia mama yake hakusema lolote. Alimkumbatia tu.

Basi eight ndiyo iliyokuwa memory. Kubwa haikumeza ndogo.

"Mkasi!" Mama Gichuru akaitisha. "Tufungue tupige picha, tutume kwa group."

Mkasi ukatoka jikoni, ukapita mkono kwa mkono hadi kwa Mama Gichuru. Aoko alimtazama Bridget, akitaka aseme yeye, maana ndiye anayejua. Lakini Bridget alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu, kama alivyomfundisha mwenyewe. Mtoto hawezi kukataa zawadi ya wazee. Wa kukataa kwa niaba yake alikuwa mama yake, na mama yake alikuwa anaona haya!

Mkasi ulifungua mdomo juu ya ule utepe. Aoko akaruka, akauweka mkono wake hapo.

"Utanikata," Aoko alisema, lakini hakuutoa mkono.

Nyimbo zikakatika.

"Aoko, ni nini?"

"Hii siyo yenyewe." Machozi yalishaanza. "Alisema sixteen. Nilijua alisema sixteen. Nilikuwa pale dukani nikiangalia mkinunua ingine, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nawaogopa."

Mama Gichuru alishusha mkasi polepole.

"Unakataa zawadi ya chama?"

"Sikatai, mama. Naomba ile ingine. Hii itamkwamia Jumamosi, na hiyo Jumamosi hatapewa tena."

Mwenyekiti alimgeukia Bridget. "Na wewe, memory si ni ya kuweka vitu?"

"Aunty, hiyo five-twelve ni ya kuweka," Bridget alijibu, macho bado chini. "Memory ni vitu ngapi inaweza kushughulika nayo wakati moja. Ikiwa kidogo, nikicheza na kurusha pamoja, inalemewa."

"Haiya." Mama Gichuru alikaa kitini. Alionekana amekasirika, na kweli alikuwa amekasirika. "Sasa sisi ni simba? Mtu tunakula naye, tunazika naye, anatuogopa hadi anaacha mtoto wake akose kazi?"

Aoko alijifuta machozi.

"Ndanu, pigia huyo kijana wako. Mwambie asifunge." Mama Gichuru alisimama, akajifunga leso upya kiunoni, akambebesha Aoko lile sanduku mikononi. "Na tukifika Ruiru, wewe ndiyo utaongea. Sisi tutanyamaza."