Mwalimu Kahindi Hakuwa Mrefu

"Marehemu Mwalimu Kahindi alikuwa mrefu kama mlingoti, wa rangi ya maji ya kunde, mwenye meno meupe pepepe."

Auma alilifunga daftari hilo, akafungua la pili. Mlingoti. La tatu, mlingoti tena! Kahindi waliyemzika mwezi uliopita alikuwa mfupi, mweusi, na jino moja la mbele hakuwa nalo. Darasa hili hili alilifundisha hapa Ganjoni, akiwasihi kila siku: fikirini wenyewe, msikariri. Sasa mjane wake, Mejumaa, ameomba kitu kimoja tu: maneno ya wanafunzi wake, yasomwe kanisani Jumapili.

"Nani kati yenu alimwona Kahindi mrefu?" Auma aliuliza.

Mzamil akasema kutoka nyuma, "Mimi, mwalimu. Alipopanda juu ya kiti."

Darasa likaangua kicheko.

"Basi mbona hukuandika hivyo?"

"Hiyo haina alama, mwalimu."

Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Maxwell, alichungulia mlangoni. "Mwalimu Auma, usiwachanganye watoto. Mtihani unataka tamathali, hautaki kiti."

"Huu si mtihani, bwana. Tunamkumbuka mtu."

"Kila wanachoandika ni mtihani," akajibu, akaenda zake.

Auma aliwageukia wanafunzi. Aliwaamuru waweke kalamu chini. "Niambieni kitu mlichokiona kwa macho yenu. Kimoja tu!"

Stacy aliinua mkono nusu. "Alikuwa akila ubuyu akisahihisha. Mbegu anazitemea dirishani. Siku moja zikamwangukia mwalimu mkuu kichwani."

Walicheka mpaka madawati yakatikisika. Auma naye akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Andika hilo hilo, Stacy. Na kila mmoja aandike lake."

Kesho yake aliyafungua madaftari kwa pupa. Ubuyu. Ubuyu. Ubuyu! Darasa zima lilikuwa limeandika mbegu za dirishani, na kwa Mzamil mbegu zenyewe zilikuwa nyeupe pepepe.

Jioni alimpelekea Mejumaa ukurasa wa Stacy peke yake. Mejumaa aliusoma akiwa amesimama mlangoni, akacheka, kisha akajipangusa macho kwa pindo la leso.

"Ndiye huyu," akasema. "Ndiye kabisa." Akaugeuza ukurasa, akatazama nyuma yake. "Na wale wengine, dada? Hakuna mwingine aliyemwona?"