Sarafu za Kuchemshwa

Fundi cherehani hakubisha hodi. Aliingia na futi yake ya kupimia ingali shingoni, akanikamata mkono wa kulia, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akatazama simu yake, akatazama kidole gumba changu chenye ukucha uliopasuka katikati.

"Ndio huu," alisema. "Mwizi mkubwa wewe! Na mvi zote hizo."

Kwenye simu kulikuwa na picha ya sarafu kuukuu ya fedha yenye kichwa cha mfalme, imelala kiganjani mwangu. Mpwa wangu huuza sarafu za kale mtandaoni, na siku niliyofika kwa dada aliniomba nimshikie moja aipige picha. Alisema mkono wa mzee unaiongezea sarafu umri. Nilicheka. Nimelala kwenye nyumba za watu wengi, sijawahi kutozwa kodi nyepesi kama ile.

Fundi aliitupa sarafu yake mezani. Alikuwa ameinunua kwa akiba yake ili aiuze kwa faida. Sonara aliikwaruza kidogo tu, chini ikatokea shaba. Ndipo akamsaka mwenye pikipiki aliyemletea kifurushi, naye akamwonyesha mlango wetu.

"Mwanangu," nilimwita mpwa, "njoo umweleze mama huyu."

Mpwa alitoka chumbani, hata hakunitazama. "Mama, mimi kazi yangu kupiga picha na kutuma. Mwenye mali ni mjomba. Huyu katembea nchi za watu, yeye ndiye anajua anakozitoa."

"We mtoto!"

"Mjomba, usinikaripie mbele ya mteja."

"Mteja wa nani?" fundi alifoka. "Mteja wa mama yako!"

Mama yake, dada yangu, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, amekunja mikono. Nilimkimbilia yeye, maana tumenyonya ziwa moja. Akanivuta pembeni.

"Kubali, yaishe."

"Nikubali wizi?"

"Wewe ni mtu wa kuondoka, kaka. Hujawahi kukaa mahali ukaota mizizi. Jina lako likichafuka hapa utalibeba uende nalo, sisi tunabaki. Mwanangu anataka kuoa. Na ile sufuria naimwaga sasa hivi, nani atajua?"

"Sufuria gani?"

Akafumba mdomo, lakini neno lilishatoka.

Nilimpita kwa bega nikaingia jikoni. Jikoni, sarafu tele zilikuwa zinachemka kwenye chai nzito ya chumvi, zote na kichwa cha mfalme yule yule. Asubuhi zilikuwa mpya. Kufika mchana zingekuwa na miaka mia. Nikachukua tambara, nikaibeba sufuria ilivyo.

"Weka chini, mzee!" Mpwa alinizibia njia. "Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Wewe tulikupa sarafu ya kushika tu, ukala, ukalala, leo unatuuza?"

"Umeniuza wewe kwanza. Tena kwa picha. Pisha, nisije nikakumwagia."

Akapisha. Maji ya moto hayana mjomba.

"Ukivuka kizingiti na sufuria yangu," dada alisema, "usiniite dada tena."

"Nilishaacha, tangu uliponiambia nikubali."

Nje jua lilikuwa kali na sufuria nzito. Fundi alikunja ncha ya khanga yake, akashika upande wa pili wa sufuria. Kituo cha polisi kilikuwa chini, mwisho wa barabara.

"Usidhani nimekuamini," alisema. "Pengine ulikuwa unazikoroga na wewe."

"Sijakuomba uniamini. Inua upande wako, chai inanimwagikia mguuni."

Nyuma yetu mpwa alitoka barazani akipaza sauti mtaa mzima usikie: "Mwizi! Jamani, mzee kaiba vyombo vya mama!" Milango ikaanza kufunguka. Mtu mmoja akaokota jiwe, akalipima mkononi, bado hajaamua.

Fundi aliliona. Akaongeza hatua.

"Tembea, mzee," alisema akiwa ameuma meno, "wasitufikie kabla ya kituo."